Mkono wa Mhubiri

Pale buchani walimwita Mama Shoka, maana hakuna mfupa uliomshinda. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mabega mapana, na pengo la jino la mbele alilotolewa na baba yake mzazi.

Baba huyo alikuwa mhubiri, naye aliurithi uhubiri kwa babu. "Samaki mkunje angali mbichi," alikuwa akisema, kisha anafungua mkanda. Aliyesinzia kwenye maombi alichapwa. Siku moja mdogo wake Mama Shoka, wa kiume, alisahau aya. Baba akamzaba makofi hadi damu ikamtoka sikioni. Sikio lile halikusikia tena. Dada mtu, wakati huo ana miaka kumi na sita, akaurukia mkono wa baba na kuung'ata. Akapigwa ngumi ya mdomo, akatupwa nje na nguo zake. Tangu hapo hakukanyaga kanisani.

Lakini damu nzito kuliko maji. Mhubiri alipozeeka na miguu kumgomea, ni binti huyohuyo aliyemchukua, akampa chumba nyuma ya bucha.

Jumamosi moja mchana, mdogo wake alikuja kumjulia hali mzee. Mzee akamwambia asome zaburi. Hakusikia; sikio bovu ndilo lililokuwa upande wa mzee. Mzee akainua fimbo yake ya kutembelea, akamtandika nayo palepale sikioni.

Mama Shoka aliingia na aproni yenye damu ya ng'ombe. Alimnyang'anya fimbo, akampiga nayo. Mara ya kwanza begani. Mara ya pili mzee alikinga kwa mkono, na mfupa ukalia *kwa!* kama mifupa aliyoizoea kwenye gogo la kukatia nyama.

"Dada, basi! Utamuua!" mdogo wake alimkumbatia kwa nyuma, akimvuta. Mama Shoka alikuwa bado anapumua kwa nguvu, na alichokisikia moyoni, Mungu amsamehe, kilikuwa raha.

Hospitalini nesi aliuliza, "Babu ameanguka?"

"Hajaanguka. Nimempiga mimi."

Nesi aliandika. Polisi walikuja, lakini mzee alikataa kushtaki.

Wiki sita Mama Shoka alimlisha uji kwa kijiko. Wiki ya nne mzee akasema, "Babu yako alinivunja mguu nikiwa na miaka tisa. Nilicheka kwenye maombi. Nikadhani ndivyo Mungu anavyomwingia mtu."

"Hakuniingia, baba. Alitoka mbio."

Mzee alicheka mpaka uji ukampalia, kisha akalia. Hakuomba radhi. Alimwomba tu mwanawe wa kiume aje akae upande wake wa kulia, na alipokuja, alisema naye taratibu, karibu na sikio zima.

Mama Shoka alianza kuomba asubuhi, kabla hajafungua bucha. Hakupiga magoti, magoti ameshapigishwa ya kutosha. Alisema tu: "Nilifurahi nilipomvunja. Niondolee raha ile." Baadhi ya siku alihisi kuna anayesikiliza. Siku nyingine hakukuwa na kitu ila ubaridi wa friji.

Mzee alipokufa, kwenye mazishi mchungaji alimsifu kuwa baba aliyelea watoto katika njia iliyonyooka. Mdogo mtu alimgeukia dada yake. "Amesemaje?"

"Amesema uongo," alimjibu kwa sauti, watu wakageuka. Kisha akashika koleo, akaanza kumfukia baba yake mwenyewe.