Msininyamazie

Mvua ya Tukuyu ikipiga bati, watu wawili waliokaa mkeka mmoja huacha kuongea wakasubiri ipungue. Kwetu Kawetele bati lilikuwa la zamani, hatukuwa na dari, na kwa sehemu kubwa ya mwaka tuliishi ndani ya ule mshindo kama watu waliojenga jirani na mashine ya kusaga. Nikiwa mtoto niliupenda sana. Niliamini mvua ile ililetwa makusudi kwa ajili ya nyumba yetu. Jioni, saa ambayo baba alitandika mkeka wake chumbani na kuelekea kibla, mama alikuwa jikoni akigeuza ndizi sufuriani huku akiimba nyimbo za kanisani kwa Kinyakyusa, na kati yao palikuwa na ukuta wa mbao tu. Bila mvua wangesikiana. Mvua ikinyesha, kila mmoja alibaki peke yake na Mungu wake, na mimi niliyekaa mlangoni, moshi wa kuni mbichi ukinichoma macho, sikumsikia vizuri yeyote kati yao, nikadhani hiyo ndiyo maana ya amani.

Baba yangu, Shabani, aliuza khanga na vitenge katika soko la Tukuyu. Babu yake alifika huko na mzigo wa chumvi kichwani, akaona ardhi inaotesha kila kinachodondoka, hakuondoka tena. Mama yangu, Atupele, alizaliwa Kinyala kwa watu wa chai na migomba, na kabla ya kuolewa alikuwa akiongoza sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao. Walifunga ndoa bomani. Baba hakumtaka asilimu, mama hakumtaka baba abatizwe, na karani wa wilaya hakuwauliza lolote zaidi ya majina yao. Wao walidhani mambo yameisha pale. Kanisa likamtenga mama: akaondolewa kwenye kwaya, akanyimwa Meza ya Bwana, akaruhusiwa kukaa benchi la nyuma karibu na mlango ambako mvua ilimrushia matone. Alilikalia benchi lile Jumapili zote ninazozikumbuka. Jina langu, Rehema, lilichaguliwa baada ya mashauri marefu, kwa kuwa hakuna upande ulioweza kulikataa.

Nisieleweke vibaya. Hakuna aliyetutukana. Hakuna aliyetupiga mawe. Watu wetu ni wastaarabu, na kila mmoja alisema hana tatizo na sisi. Shangazi yangu akija kutoka Mbeya alikuja na chupa yake ya chai na kikombe chake kwenye mkoba, akisema tumbo lake limekuwa halieleweki, na sote tulijua kuwa tumbo lile halikuelewana na sufuria za mama peke yake. Bibi yangu mzaa mama akija kutoka Kinyala, akikuta nyama mezani, aliuliza imechinjwa na nani, kisha akasema meno yanamuuma. Kwa hiyo tukiwa na wageni mama alipika maharage. Baba alikuwa akicheka akisema maharage hayana dini, na mimi nilicheka naye, ingawa nilitamani sana ile nyama. Shuleni, kipindi cha dini kilipofika, Wakristo waliingia darasa hili na Waislamu lile, na mimi niliyeambiwa na wazazi wangu kwamba nitachagua nikikua nikabaki uani. Mwalimu wa zamu hakutaka mtoto akae bure, akanipa kopo nimwagilie maua. Nilimwagilia maua katika mji ambao mvua inapumzika ikiwa imechoka tu. Watoto madirishani walinitazama wakacheka, na waliocheka walikuwa wa madarasa yote mawili.

Masika ya mwaka niliokuwa darasa la nne, mama alianza kukohoa. Kwanza alisema ni baridi, kisha moshi, kisha akaacha kusema. Hospitalini walimpa dawa, akapata nafuu, akarudi kulala. Kikohozi kilimwondolea sauti kidogo kidogo, na jikoni nikaanza kupika mimi huku mvua ikiunguruma juu ya nyumba isiyo na wimbo. Alasiri moja nilikuwa nimekaa kitandani kwake namsugua miguu, na baba alikuwa pale chini akikunja vitenge alivyorudi navyo sokoni. Mama aliomba maji, akanywa, akasema, “Mkinizika msininyamazie. Niimbieni ule wa jioni.” Nilielewa anasema wimbo upi, ule aliouimba wakati wa kuipua chungu. Baba aliendelea kukunja vitenge. Nilimkasirikia kwa kutojibu, nikafikiri hajasikia au hataki kusikia, kwa kuwa wimbo ule haukuwa wake.

Alikufa alfajiri, na palipokucha mvua ilikuwa kubwa. Majirani walifunga turubai uani, wakawasha moto, wakaleta mikungu mizima ya ndizi na kuni walizozificha chini ya makoti, na hilo walilifanya kwa moyo wote, Wakristo kwa Waislamu. Vijana wa kitongoji walichimba kaburi kwenye migomba nyuma ya nyumba, kijana wa msikitini akimpokea jembe kijana wa kwaya bila neno. Kuchimba hakukuwa na shida. Shida ilianza saa nne, alipofika Baba Mkubwa, kaka yake baba, mtu mwenye sauti ya chini na heshima zake pale msikitini. Alikaa karibu na baba, akamshika goti, akampa pole kama ndugu. Kisha akamwambia, “Shabani, dini imekuruhusu umuoe. Haijaturuhusu tumswalie. Waite watu wake.” Na kwa kweli hakuwa amesema jambo la uongo.

Watu wake walikuwa bibi. Alikuwa ameshatoka asubuhi ile kwenda kwa mzee wa kanisa, kwa miguu, kwenye tope, na mwavuli uliovunjika mbavu. Alirudi mchana amelowa hadi kiunoni. Nilimwona akisimama kwenye ukingo wa turubai asiingie, mikono imemning'inia, akimtafuta baba kwa macho. “Baba Rehema, wamekataa,” alisema. “Wanasema hawana tatizo naye, ila angetubu kabla. Nimewauliza, alikuwa anakohoa usiku na mchana, angetubu saa ngapi?” Alikaa chini kwenye majani, akavua viatu, akaanza kuvisugua tope kwa kijiti. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akiumwa meno mbele ya nyama yetu, na siku ile nilimwona kwa mara ya kwanza hana upande wa kusimama.

Basi mama akabaki ndani, ameoshwa, amevikwa, hana mwenyewe. Aliyemwosha alikuwa Mama Bupe, mwanamke mnene mwenye huruma aliyeimba naye bega kwa bega tangu wakiwa wasichana. Wanawake wa kwaya walikuwepo wote pale jikoni wakimenya ndizi, na mimi niliwahesabu kwa sauti zao, kwa kuwa nyumba yetu iliwajua hivyo: huyu wa kwanza, huyu wa pili. Nikamwendea Mama Bupe nikamuuliza watamwimbia mama saa ngapi. Aliweka kisu chini. Alinivuta kifuani kwake, kwenye khanga iliyonuka utomvu wa ndizi na sabuni ya kuoshea maiti, akaniambia kwa sauti ndogo, “Mwanangu, tumekatazwa.” Akalia sana. Nilisubiri amalize kulia ili anieleze ni nani amekataza kinywa chake, lakini alipomaliza alichukua kisu akaendelea na ndizi. Hadi leo sijui kama namchukia au namhurumia, na siku nyingine ni yote mawili.

Aliyetukwamua ni mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa mtu wa mikutano na mihuri, koti lake la kijani limepauka mabegani, na hakuna aliyewahi kumwona akiomba mahali popote. Alisikiliza pande zote, akakuna kidevu, akasema serikali haina dini lakini huyu mama ni mtu wake, na mtu hawezi kulala juu ya ardhi siku ya pili. Tukamzika kwa serikali. Siku hiyohiyo alasiri mvua ilikatika. Nasema ilikatika kwa sababu sikuwahi kuisikia ikiacha namna ile, ghafla, matone yakabaki yanadondoka kutoka jani la mgomba hadi jani la mgomba, na watu wote waliojaa kwenye migomba ile wakasikika wakipumua. Mwenyekiti akasoma maisha ya marehemu: alizaliwa Kinyala, alisoma hadi darasa la saba, aliolewa, ameacha mume na mtoto mmoja. Hakusema alikuwa mwimbaji. Halafu, kwa kuwa alijua namna moja tu ya kuheshimu wafu, ile ya mikutanoni, akatuomba tusimame kimya dakika moja.

Hicho ndicho kitu mama alichokuwa ametuomba tusimfanyie. Niliwatazama wanawake wa kwaya, wote wametazama chini, Mama Bupe ameziba mdomo kwa khanga. Niliwatazama watu wa msikitini, wamejitenga hatua chache, kwa adabu, mikono imefungwa. Nikafungua mdomo niimbe mwenyewe, nikagundua kwamba siyajui maneno. Miaka yote ile mvua ilikuwa imeniachia mdundo tu. Hapo ndipo niliposikia sauti mbaya, kavu, inayopanda pasipostahili kupanda, ikiimba kwa Kinyakyusa. Alikuwa baba. Alikuwa na kofia yake kichwani na tope la kaburi mikononi, ametazama shimo, na aliimba ule wimbo wa jioni tangu neno la kwanza, ubeti baada ya ubeti, bila kubahatisha hata mmoja. Sauti ya pili haikumjibu. Aliimba peke yake mpaka mwisho, na alipomaliza akachukua koleo.

Watu wa msikitini walikuwa wameondoka kabla hajafika ubeti wa mwisho. Wiki iliyofuata Baba Mkubwa alikuja na wazee wawili, wakakaa sebuleni, wakamwambia taratibu kwamba atubu mbele ya jamaa na jambo liishe. Baba alisema alimwimbia mkewe, hakubadili dini, na hajui atubu nini. Wakamwambia hawana tatizo naye. Kuanzia hapo hakuna aliyemfukuza msikitini, ila kila alipokaa, pande zake mbili zilibaki wazi, na mwisho akaanza kuswali dukani, nyuma ya marobota ya vitenge. Wateja wake wa Kiislamu walipungua. Wakristo, waliosimuliana habari ile kwa mshangao na hata kwa kuipenda, hawakumwalika popote. Bibi pekee alibadilika. Alikuja kutoka Kinyala kila mwezi, akala nyama yetu bila kuuliza, akiwa na meno machache kuliko zamani.

Leo ninaishi Mbeya mjini, nina chumba cha kushonea na mafundi wawili, mmoja anafunga Ramadhani na mwingine anafunga Kwaresima, na nikisimulia habari hizi wananiambia zile zilikuwa enzi za ujinga. Labda. Kwenye sherehe za kitaifa naona shehe na mchungaji wakiitwa kwa zamu kuomba, na sisi tunapiga makofi. Kwenye kundi la simu la mtaa wetu tunachangia misiba yote, na tunaandikiana kwamba sisi ni wamoja. Lakini juzi dada wa mapokezi hospitalini aliniuliza dini, nikamwambia aandike anayoipenda, akanitazama kama mtu aliyekosa adabu. Na mwanamke jirani yangu, mwema kabisa, bado ana kikombe chake kwenye mkoba akija kwangu. Serikali haina dini, na nashukuru kwa hilo, maana bila koti lile la kijani mama angebaki ndani ameoshwa hadi sijui lini. Ila serikali haijui kuimba.

Mwaka huu baba ameanza kukohoa. Ni mzee sasa, Baba Mkubwa alishatangulia, na imamu wa siku hizi ni kijana mpole ambaye alikuwa hajazaliwa wakati wa mambo yale. Nilimwendea nikamuuliza baba akiondoka itakuwaje. Aliniambia kwamba amesikiasikia habari zake, atashauriana na wazee, lakini kwa ujumla hakuna tatizo. Nilimshukuru nikatoka nje. Jioni hiyo nilimsimulia baba nikitarajia atahuzunika. Aliniambia nimletee mkeka.

Sasa kila nikienda Kawetele tunakaa pale chumbani, ananisomea maneno yanayosomewa maiti, nami nayarudia. Ninajua kwamba mwanamke hasimamishwi mbele ya jeneza kuswalisha, na yeye anajua zaidi yangu, na hatujalizungumza. Ulimi wangu ni mzito. Nikikosea ananirudisha mwanzo bila hasira, kwa uvumilivu wa mtu aliyewahi kujifunza maneno ya wenzake kupitia ukuta. Bati ni lilelile, na mvua ikianza mimi huacha kusoma nikasubiri ipungue, kama tulivyozoea. Yeye hataki tusubiri. Anainua mkono wake uliokonda, ananiambia nipaze sauti.