Kilima cha Viroba

Wiki iliyopita nilipita kando ya uwanja wa chuo cha ualimu, jirani na nyumba niliyokulia, nikamwona kocha wa viungo akiwagawia wachezaji maji ya chupa. Kijana mdogo, ana daftari mkononi. Mchezaji mmoja alishika paja, akaambiwa akapumzike kivulini. Nilicheka peke yangu pale barabarani hadi muuza karanga akanitazama vibaya. Rafiki yangu, ungemjua baba yangu, nawe ungecheka.

Baba ndiye aliyekuwa kocha wa viungo wa chuo kile nilipokuwa darasa la tano. Hakusomea kazi hiyo popote. Ujana wake ulikwisha Mwakitolyo, akipandisha mawe ya dhahabu kutoka mashimoni, na alichotoka nacho huko ni mgongo mpana na imani kwamba mtu hajui nguvu zake mpaka abebeshwe kitu asichokiweza. Chuo kilimwajiri kama mlinzi. Timu ilipofungwa mfululizo, akaomba aachiwe wale vijana mwezi mmoja tu. Mwezi ulipokwisha walikuwa wamekonda, wanamchukia, na wanashinda.

Kazi yake aliifanyia kwenye kilima cha mawe nyuma ya mabweni. Kila mchezaji alikuwa na kiroba chake cha mchanga. Saa kumi jioni, jua likiwa bado linachoma, walikitia begani wakakimbia nacho hadi juu, wakashuka, wakapanda tena. Maji yalikuwa marufuku mpaka kiroba cha mwisho kitue, maana baba aliamini maji yanalegeza misuli. Mtu akianguka, hakuna kumwinua. Wenzake walisimama na mizigo yao begani, wakahesabu kwa sauti mpaka hamsini. Asipoamka, wote wanaanza upya kutoka chini. Kwa hiyo aliyeanguka hakumwogopa baba, aliwaogopa wenzake.

Nisikudanganye, nilikipenda kilima kile. Nikitoka shule nilimsaidia bibi, mama yake baba, kuosha vyombo na kugeuza michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa juu ya mwamba, kisha nikachota mikono miwili ya ile michembe na kukimbilia mazoezini. Nilikaa juu ya jiwe langu, na mtu akianguka nilihesabu pamoja nao. Sauti yangu nyembamba ilizipita zote. Baba alicheka kwa fahari, akawaambia huyu binti ndiye aliyemrithi. Hakuwahi kunisifu kwa jambo lingine lolote. Wanaume wazima walitambaa na kutapika mbele yangu, nami nilihesabu huku nikitafuna.

Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Alisomea ualimu palepale na kucheza winga wa kulia, na kwa kuwa alilala nyumbani badala ya bwenini, wenzake walinong'ona kwamba anapendelewa. Baba akayamaliza maneno yao kwa kumwongezea kiroba cha pili. Hata nyumbani, wakati wa kula, alimwita kwa namba ya jezi yake.

Halafu zikaja habari kwamba watu wa timu moja ya upande wa Geita wanakuja kumwangalia kaka. Jumamosi wangetazama mazoezi, Jumapili mechi. Kaka hakuwahi kutaka kitu kingine maishani. Ualimu wenyewe aliusomea ili apate pa kuchezea. Lakini Jumatano nilimkuta jikoni, mguu juu ya kigoda, goti limevimba mpaka limepoteza umbo. Bibi alikuwa akilikanda kwa maji ya moto na chumvi.

"Ng'wanawane, mwanangu, mwambie baba yako," bibi alimsihi.

Kaka akakataa. Kwa ukatili wake wote, baba hakumchezesha mtu aliyeumia. Alimweka kando kama jembe lililovunjika mpini. Akijua, watu wa Geita wangerudi bila kumwona kaka. Basi kaka akanishika mkono, akaniomba ninyamaze. Niliapa, na bibi naye akakubali shingo upande.

Jumamosi wageni wawili walikalishwa kwenye viti vya plastiki chini ya kilima. Mzunguko wa tatu, kaka akaanguka, goti lilelile likagonga jiwe. Baba alifunga mikono kifuani. Wachezaji wakaanza kuhesabu. Kaka akainua uso, akampita baba kwa macho, akanitazama mimi.

Neno lilikuwa mdomoni, nakuapia. Goti. Ningesema hilo tu, na kila kitu kingesimama. Lakini wageni walikuwa wanatazama, na baba alikuwa amenigeukia akisubiri kuisikia sauti yangu. Nikafungua mdomo, nikahesabu kwa nguvu kuliko siku zote. Kwenye arobaini na saba kaka akasimama. Alivifikisha viroba vyote viwili juu, na huko juu goti likaachia. Walimshusha kwenye blanketi.

Wageni hawakuwahi kuona nidhamu ya namna ile. Walikuja kumwangalia kaka, wakaondoka na baba. Kutoka Geita alipanda timu hadi timu, akavaa trakisuti za wakubwa, akatajwa redioni. Alipofariki, wachezaji wake wa zamani walijaa msibani, wengine wakilia kwamba ndiye aliyewafanya kuwa wanaume. Kaka alisimama nyuma yao na fimbo yake.

Siku hizi anafundisha shule ya msingi karibu na Tinde. Baada ya kumwona yule kocha wa maji ya chupa nilikwenda moja kwa moja kwake kumsimulia. Nilimwambia kile kilima hakipo, wachimbaji wamekivunja wakitafuta dhahabu. Tukamkumbuka bibi na michembe yake, ambayo hakuna tena wa kutuanikia. Kisha nikasema ninachosema kila mara, kwamba baba alikuwa mnyama na kwamba ndiye aliyemharibia maisha.

Kaka alikuwa akisahihisha madaftari. Hakuinua kichwa.

"Baba hakujua," akasema. "Wewe ulijua."

Nikamkumbusha kwamba mwenyewe ndiye aliyeniomba ninyamaze.

Akaiweka kalamu chini. "Ni kweli. Nilikuomba unyamaze. Sikukuomba uhesabu."