Maua Ndani, X Nje

Ndugu wapambanaji wa Kibamba, tunaopinga nyumba zetu kubomolewa kupisha barabara, leo ukuta wetu umepambwa pande zote mbili.

Ndani, mama nami tulikuwa tukibandika karatasi ya maua sebuleni, kwa ajili ya wageni wa posa ya dada.

Nje tukasikia brashi.

Tukatoka. Afisa wa barabara alikuwa akimalizia X nyekundu ya kubomolewa, kwenye ukuta uleule.

"Shikamoo, mama," akasema kwa adabu zote.

Mama, ambaye hajawahi kuacha salamu bila jibu, akarudi ndani kimya.

Ninyi mngeitikia?

"Mama, tunapamba kifusi?" nikamuuliza nilipomfuata.

"Shika huko juu, mwanangu. Inapinda."

Nikashika.

Kesho saa kumi alasiri tukutane sebuleni kwetu, mbele ya maua hayo, yangali yamesimama.