Kipande cha Katikati ya Ukurasa

Shemeji yake Mama Tegi alimwambia mteja, mbele ya ofisi nzima, kwamba mwanamke huyu hakusoma na ndiyo maana ukurasa wa tovuti umekufa. Kosa lilikuwa la shemeji. Hayo mawili yashikwe kwanza, maana kila anayesimulia hulisema la kwanza na kulimeza la pili.

Mama Tegi, kama walivyomwita kazini, aliacha shule angali mdogo. Aliingia ofisi ya mdogo wa mumewe, ya kutengeneza tovuti, kufagia. Siku moja mtengeneza kurasa akaondoka bila kuaga, na shemeji akamkalisha kwenye kile kiti.

"Shem, huu si uchawi," alimwambia. "Hizi alama zinazoupanga ukurasa ndizo tegi. Tegi ikifunguliwa, lazima ifungwe, kama mlango wa jikoni kwako. Na mstari wa zamani usiufute. Uzungushie tegi ya kuficha. Mteja akibadili mawazo, tunaufunua."

Akashika. Miaka ikaenda, macho yakaanza kumwasha, mgongo ukapinda kwenye kiti kilichopungukiwa gurudumu. Lakini tovuti ya zahanati ilikuwa mikononi mwake, na wauguzi walimpigia simu yeye, si bosi. Nje ya nyumba yake hakuwa na kingine cha kukiita chake.

Kisha shemeji akarudi kutoka semina akiwa na mambo mapya. Jumamosi moja, Mama Tegi akiwa kwake anafua, akaingia kwenye ukurasa wa miadi na kutia katikati yake kipande cha skripti, yaani maagizo ya kuendeshwa na kompyuta. Kipande hicho hufunguliwa kwa tegi na kufungwa kwa tegi, lakini ndani yake tegi hazina kazi. Mle mna sheria nyingine, na hata kuficha mstari kuna alama zake nyingine. Hakumwambia mtu.

Jumatatu zahanati ikaomba saa za daktari wa meno zibadilishwe. Mama Tegi akaukuta mstari wa saa umehamia ndani ya kile kipande na kuandikwa kigeni, akadhani bosi kapamba tu. Akauzungushia tegi ya kuficha kama alivyofundishwa, akaandika mpya chini yake, akahifadhi. Ukurasa mzima ukatoweka, yakabaki maneno mekundu ya kosa.

Kabla ya mchana muuguzi mkuu alikuwa mlangoni, jasho likimtoka. Wagonjwa wamejaa kwenye korido na hakuna anayejua miadi yake.

"Nani kaugusa?" akauliza.

Shemeji akacheka kidogo. "Dada, utusamehe. Huyu ni mke wa kaka yangu. Hakusoma. Nilimpa kazi kwa huruma tu."

"Mbona siku zote aliweza?"

"Bahati nayo huchoka."

Mchora nembo wa ofisi akaangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa.

"Shemeji," Mama Tegi akasema, "si wewe uliyeniambia tufiche hivi?"

"Mle ndani hatufichi hivyo, shem. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani? Uliniambia lini?"

Shemeji alikuwa amekwisha kuinamia kompyuta, akaurudisha ukurasa kwa muda wa mtu kupenga kamasi, na muuguzi akamshukuru.

Siku hizi Mama Tegi anafagia tena na kukaribisha wageni. Muuguzi mkuu akipiga simu, huomba apewe yule aliyesoma. Mama Tegi humwita shemeji.

Alimweleza mumewe wakati wa chakula.

"Yule ni damu yangu," mume akasema. "Nigombane na ndugu yangu kwa ajili ya kompyuta?"

"Sitaki mgombane. Nataka aseme."

"Aseme nini tena?"

"Alichofanya."

Mume akavuta sahani karibu, akaendelea kula.

Kile kiti Mama Tegi hakitaki tena. Mgongo wenyewe umekikataa. Lakini shemeji anadaiwa maneno: kwamba kile kipande alikitia yeye kimyakimya, na kuficha kwa tegi ni yeye aliyemfundisha. Ayaseme palepale ofisini, muuguzi mkuu akiwepo na mchora nembo akisikia. Mumewe naye anadaiwa kumuuliza nduguye mbona bado hajayasema.