Shemeji Mchawi na Majoho ya Kwaya

Mume wa dada yangu ni mchawi, na nalisema hili bila kumwonea. Kila siku saa saba mchana, cherehani zikinyamaza, tunaingia vitani kwenye simu zetu: watano upande huu, watano upande ule, na wanaovunja mnara mkuu wa wenzao ndio washindi. Humo ndani shemeji ndiye mchawi wetu. Siku za mwanzo kinyozi wa jirani, ambaye naye yumo kikosini, alikuwa akipiga kelele, "Mchawi kafa! Mchawi kafa tena!" mpaka mama muuza maua wa ng'ambo ya barabara akasogeza meza yake mbali na mlango wetu.

Uzuri wa mchawi ni kwamba ni moto wa kuotea mbali. Ana baridi ya kuwagandisha adui, ana mpira wa moto, na ana radi kubwa ambayo ikishuka mahali walipokusanyika watu watatu, habakii wa kusimulia. Shemeji akiwa nyuma, ametulia, na mbele yake yupo mtu wa kumkinga, utampenda. Ubaya wake sasa. Ngozi yake karatasi, mbio hana, na radi akishaitumia hukaa dakika nzima mikono mitupu. Muuaji akichomoka kichakani na kumfikia karibu, kwisha habari yake. Juu ya hayo shemeji ana ugonjwa wake mwenyewe: akishtuka, radi yote anaimwagia kiaskari kimoja kidogo kisichomdhuru mtu, halafu miguu niponye, anatuachia vita.

Anayemkinga ni mkata vitambaa wetu, tunayemwita Kabati kwa upana wake na kwa uchache wa maneno yake. Kwenye mchezo huchukua shujaa wa ngao, yule anayetangulia mbele na kupigwa ili wengine wapige. Dukani pia wako pamoja mwaka wa kumi na tano: shemeji anapima na kushona, Kabati anakata, mimi natia vifungo na kupinda pindo. Cherehani ya shemeji iko dirishani, meza ya Kabati iko ukutani, na katikati yao hatua nne. Nimezipima kwa miguu yangu, mtaona kwa nini.

Maana nje ya mchezo shemeji ni yule yule. Kwenye simu ni simba. Nimemsikia akimfokea muuza vitambaa, "Mimi si mtu wa kuchezewa! Nasema si mtu wa kuchezewa!" Kesho yake yule bwana akaja mwenyewe, na shemeji akamvutia kiti na kumuuliza watoto hawajambo. Hata kumwambia dada yangu kwamba anampenda, alimwandikia ujumbe wa simu yeye akiwa sebuleni kwetu na dada akiwa jikoni. Dada akamjibu kwa sauti kutoka huko huko jikoni, "Hata mimi!" Bwana akatoka nje, akarudi baada ya nusu saa.

Tulikuwa tukicheka tu, mpaka ilipokuja kazi ya majoho ishirini na manne ya kwaya. Wiki hiyo mke wa Kabati alilazwa, na Kabati akawa hospitalini siku mbili mfululizo. Shemeji hakutaka kungoja. Alipanga kitambaa cha mikono tabaka juu ya tabaka, akachora, akakata mwenyewe. Alikata juu ya mstari wenyewe wa kipimo, bila kuacha kitambaa cha mshono wala cha pindo, na alikata tabaka zote kwa mpigo mmoja. Ndiyo radi yake hiyo. Alipogundua, ilikuwa imeshashuka, na akajipa moyo kwamba labda haitaonekana.

Kiongozi wa kwaya, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alivaa lake pale pale dukani. Akanyoosha mkono kama anavyofanya akiongoza wimbo, na joho likamkimbilia kwenye kiwiko.

"Nani kafanya hivi?"

Shemeji akanywea. "Mama, hiyo... hiyo kazi ya mkataji."

Kabati alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, ametoka hospitalini na kikapu cha vyombo vya mgonjwa. Akamgeukia shemeji. Shemeji akaangalia cherehani yake kana kwamba ndiyo imemwita.

"Samahani, mama," Kabati akasema. "Nitayakata upya."

Mimi nilikuwa na pini mdomoni. Mpaka leo najilaumu kwamba sikuzitema.

Aliyakata upya yote, siku tatu, kimya. Ya nne akatuambia kwamba amepata chumba mtaa wa pili, na Jumamosi atakuja na mkokoteni kuchukua meza yake. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Shemeji akatoka kwa mlango wa nyuma. Akasimama karibu na bomba la maji, akaanza kumrekodia ujumbe wa sauti.

"Ndugu yangu, mimi na wewe tumetoka mbali," nilimsikia kupitia dirisha, na Kabati naye alimsikia, maana dirisha ni moja. Simu ya Kabati ikalia mezani. Hakuigusa. Mpaka Ijumaa mchana zilikuwa zimefika jumbe kumi na moja, na hakufungua hata mmoja.

"Shemeji," nikamwambia, "hatua nne tu. Ukichechemea, tano."

"Niache, shemeji. Nitamwambia kwa utaratibu."

"Utaratibu gani? Meza inaondoka kesho!"

"Ndiyo maana naandaa maneno."

"Umeshaandaa kumi na moja. Mpelekee moja kwa mdomo."

Akanuna, na mimi nikanuna. Saa saba tukacheza bila Kabati, kama tulivyocheza wiki nzima. Mchawi alikufa mara kumi na tatu. Mwalimu wa kemia, ambaye huwa anajiunga nasi kutoka shuleni kwake, aliuliza kwa upole kabisa kama simu ya shemeji ina hitilafu. Sikucheka. Nilimwona namna alivyokuwa akigeuka ndani ya mchezo kutafuta ngao, anakwenda kushoto, anarudi kulia, na uwanja mzima hakuna mtu. Nilimwonea huruma, nikatamani pia kumpiga kofi.

Jumamosi mkokoteni ukaja saa nne, na kiongozi wa kwaya akaingia saa hiyo hiyo kufuata majoho. Mwenye mkokoteni akasimama mlangoni, hana pa kupita. Mama akavaa joho, akanyoosha mkono, na safari hii mkono wa joho ukabaki pale unapotakiwa. Akafurahi. Akaona Kabati anakunjakunja futi yake na kufunga chaki zake kwenye gazeti, akamwambia shemeji bila kushusha sauti, "Afadhali anaondoka. Sasa tafuta mkataji mwenye macho."

Kabati aliendelea kufunga chaki. Nilitazama mkono wa shemeji: kidole gumba kilikuwa tayari kinatafuta pa kurekodia. Safari hii nilizitema pini zote, nikafungua mdomo kumsemea, nikasikia simu inawekwa juu ya cherehani.

Shemeji akaja, hatua zote nne. Goti lilijigonga kwenye kigoda, hakusimama. Alimfikia Kabati karibu mno, mpaka Kabati akarudi nyuma kidogo.

"Mama," akasema, lakini alikuwa akimtazama Kabati. "Majoho yale nilikata mimi. Huyu hakuwepo. Alikuwa hospitalini na mkewe. Nilikata mimi, nikaharibu, nikamsingizia yeye."

Kiongozi wa kwaya akaanza kulivua joho polepole.

"Najua uliyakata wewe," Kabati akasema. "Mkato wako naujua."

"Sasa mbona hukusema?" shemeji akauliza.

"Kukukinga sikatai. Miaka yote nakukinga." Akaweka futi chini. "Ila siku ile niligeuka nikuangalie, na wewe ukaangalia cherehani."

Jasho lilikuwa likimchuruzika shemeji hadi kwenye kola. Mimi machozi yalinitoka, sikuyaficha, nikayafutia kipande cha joho kilichobaki.

"Jamani," akasema mwenye mkokoteni, "nabeba au sibebi?"

"Muulize huyu," Kabati akasema.

Sote tukamwangalia shemeji. Mlango wa kutokea nyuma, ule wa kwendea bombani, ulikuwa wazi kabisa, na niliona macho yake yakiufikia. Kisha akaweka viganja vyote viwili juu ya meza ya kukatia.

"Usibebe," akasema. Yule bwana hakumsikia vizuri, akatega sikio. Shemeji akavuta pumzi, akasema tena, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikimtoka mbele ya mtu, "Usibebe! Huyu ni ndugu yangu."