Lugha Chichewa, Mkalimani Hakuna

Binti yangu alikuwa na miaka saba baba yake alipomchukua, na kumi na minane aliponitafuta. Katikati hapo sikusikia hata kikohozi chake. Halafu siku moja nimekaa sokoni kambini Dzaleka, hapa Malawi, na beseni langu la mandasi, simu ikalia, nikaweka sikioni, kumbe ni ujumbe wa sauti kutoka kule ng'ambo kwenye baridi. Kiswahili chake kilikuwa kinajikwaa kama cha mgeni.

Hakunisalimia. Alisema: "Mama, papa ananiambia we mwenyewe ulienda korti. Ukaomba talaka, ukasema mi hunitaki. Anasema iko kwa maandishi. Kama ni uongo, tafuta hiyo karatasi unitumie niisome. Kama ni kweli, usinipigie tena."

Mteja alikuwa ananiambia, "Amayi, naomba mawili," na mi namtazama tu mdomo wake unavyocheza. Korti? Mi maisha yote nilijua mume wangu aliniibia mtoto. Kweli, kwenye ofisi za kambi waliwahi kuniambia, "Mama, mambo yenu yaliishia korti," lakini hakuna aliyenionyesha kitu, na mi nikaona ni maneno ya watu wanaotaka uondoke mlangoni.

Nieleze mambo ya mwaka 2006, maana yote yalitoka pale. Tulikuwa tumefika kambini miaka miwili kabla, kutoka upande wa Uvira, mi na mume na huyo mtoto mmoja. Vita vilitukuta tuna watoto watatu, sitasema zaidi. Dosie yetu, faili ya kupelekwa ng'ambo, ilikuwa inatembea vizuri. Njo nikaanza kukohoa damu. Ikawa TB, wakanilaza hospitali Lilongwe, miezi miwili na nusu.

Mtoto nilimwachia jirani yangu, mwanamke wa Burundi. Tulikuwa tunagawana ukuta mmoja wa matofali mabichi, akipiga chafya mi nasema pole. Na kadi yangu ya mgao nilimwachia yeye, apokee mahindi na maharagwe kwa jina langu. Kambini wote tunafanya hivyo, mgonjwa anamwachia mwenzake kadi. Ungemwachia nani mwingine?

Niliporudi, mume alikuwa amemchukua mtoto kwa jirani na kuhamia upande wa pili wa kambi. Aliniambia amechoka, basi. Cherehani yangu haikuwepo. Alisema iliuzwa kwa ajili ya dawa. Kabla mwaka haujaisha akapanda ndege na mtoto. Mi niliambiwa na watu wa kwenye bomba la maji.

Sasa, karatasi. Shule yangu ni darasa la tatu. Sikujua talaka inalala wapi. Mtu mmoja akaniambia za korti zote ziko Lilongwe, nikapanda minibasi, nikashuka Lumbadzi kubadilisha, nikafika mjini, nikasimama mbele ya karani mwenye tai.

"Kesi ilisikilizwa wapi, amayi?"

"Sijui. Sikuwepo."

Alicheka, hakuwa na ubaya. "Mwenye talaka hujui ilikokatwa? Hapa si mahali pake. Korti iliyokata ndiyo inakaa na daftari. Nyinyi watu wa kambi mnapelekwa korti za kule kule vijijini. Rudi huko, ulizia moja moja."

Nikaulizia moja moja. Ya kwanza hapana, ya pili hapana. Ya tatu ni nyumba fupi ya bati nyekundu, unafika kwa kabaza, mwenye baiskeli analalamika njia nzima kwamba nimemdanganya umbali. Ndani kuna benchi, picha ya rais, na karani mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yule mzee hana kosa lolote kwangu, namtoa kwenye orodha ya walionikosea. Alinieleza taratibu: niandike barua ya kuomba nakala, nilete kadi yangu ya ukimbizi, nilipe ya stakabadhi, na nimpe namba ya kesi. Kama sina namba, basi mwaka na jina la aliyeshitaki.

Barua aliniandikia mwalimu mmoja wa Bukavu anayeshona nguo sokoni kwetu, kwa Kiingereza, na mistari imenyooka kama mshono wake. Nikarudi nayo. Mzee akachukua daftari kubwa la 2006, akalamba kidole.

"Aliyeshitaki?"

Nikamtajia jina la mume wangu. Nani mwingine? Akashuka ukurasa, akapanda, akashuka. Hakuna. Akachukua la 2005, akachukua la 2007. Hakuna. Akaniambia nirudi wiki ijayo atafute kwenye mafurushi. Kuna chumba nyuma, mafaili yamefungwa kamba na kupangwa juu ya magunia, panya wamekula pembe. Nikarudi wiki ile. Hakuna.

Nilikuwa nimesimama kuondoka, nafikiri nitamwandikia mtoto kwamba karatasi hiyo haipo, baba yake ni mwongo mpaka mwisho. Hata furaha kidogo nilianza kuisikia. Mzee akasema, "Subiri, amayi. Lete kadi yako nione jina lako linavyoandikwa."

Akafungua tena lile la 2006. Kidole kikasimama.

"Hii hapa. Si yeye aliyeshitaki. Ni wewe."

Nilikaa chini. Si kwenye benchi, chini kwenye saruji. Jina langu, lote, na namba ya kadi yangu ya mgao, tarakimu kwa tarakimu. Nilizijua hata kwa hilo darasa langu la tatu, maana miaka mingi nimezisikia zikiitwa kwenye foleni.

Faili ilipatikana siku hiyo hiyo. Kurasa nne za mkono. Akanisomea polepole, akigeuza Kiingereza kuwa Chichewa. Kwamba mi nilisimama mbele ya hakimu nikaapa. Kwamba nilisema ndoa imenichosha. Kwamba ankhoswe wangu, yule msimamizi wa ndoa ambaye hapa Malawi kila mke lazima awe naye, alitoa ushahidi kwamba alitupatanisha mara tatu na mi nikakataa. Ankhoswe huyo alikuwa nani? Pasta wetu. Mkimbizi hana mjomba huku, basi pasta njo anakuwa mjomba. Pasta yule yule aliyekuja wodini, akaniwekea mkono kichwani akaomba nipone.

Halafu mzee akasoma hili: "Kuhusu mtoto: baba amchukue. Mimi sitamuulizia."

Nikamwambia, soma tena. Akasoma tena. Sitamuulizia. Chini yake dole gumba la wino wa zambarau, na dole halina uso, huwezi kulitazama ukajua ni la nani.

"Mzee, siku hiyo nilikuwa hospitali Lilongwe. Nilikuwa siwezi hata kukaa."

"Una cheti cha hospitali?"

Kilikuwa ndani ya nyumba. Nyumba ile ilianguka mvua moja ikaondoka na kila kitu. Alinitazama juu ya miwani, akarudi juu ya ukurasa wa kwanza, anasoma tu ili amalize, kama mtu anayesoma maandishi ya kwenye gunia: tarehe, jina la hakimu, "lugha, Chichewa, mkalimani, hakuna."

"Simama hapo," nikasema.

"Wapi?"

"Lugha."

"Chichewa. Mkalimani hakuna. Maana yake uliongea mwenyewe."

"Mzee, mwaka huo mi Chichewa nilikuwa najua zikomo tu. Zikomo na nsima." Asante na ugali, basi.

Akacheka mpaka miwani ikateleza. "Amayi! Unaongea Chichewa vizuri kuliko mke wangu, yeye Mtumbuka!"

Njo hapo nilipoona walivyonimaliza. Miaka kumi ya kuuza mandasi imenifundisha Chichewa chote, mpaka matusi, na sasa hicho Chichewa kimesimama upande wao. Nimwambie nani kwamba zamani sikujua? Kila anayenisikia leo atacheka kama yule mzee.

Alinipa nakala, muhuri kila ukurasa. Akasema, kwa upole, kutengua hukumu ni safari nyingine, inataka wakili na mashahidi. Nikasema zikomo.

Nani kambini mwaka ule alikuwa na kadi yangu, na Chichewa ndani ya kinywa? Sikuhitaji mwalimu wa Bukavu anieleze. Jirani yangu wa ukuta mmoja alifika Malawi miaka mingi kabla yetu, aliongea kama mzaliwa. Nilijua anakaa Kauma siku hizi, huko Lilongwe, anashona sare za shule. Kesho yake nikaenda.

Alinipokea kwa mikono miwili. "Yoo, dada! Umenenepa! Mungu ni mkubwa!" Akarudi kukaa kwenye cherehani yake, na cherehani ni yangu. Mguu wa kushoto wa hiyo mashine niliufunga mwenyewe kwa waya wa shaba. Waya uko pale pale.

"Mi nimetoka korti," nikasema.

"Korti ya nini tena?"

"Ile ulikoniongelea."

Gurudumu likazunguka kidogo peke yake, likasimama. Nilingoja akatae. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukataa, nilikuwa na maneno yake yote tayari. Hakukataa.

"We ulikuwa unakufa, dada," akasema. "Bote tulijua. Pasta alisema dosie imekwama juu ya kifua chako, mwenye TB habamusafirishi, na bengine banabakia naye. Baba wa mtoto alikuja kwangu analia. Akasema ni dakika kumi tu mbele ya hakimu. Ulitaka mtoto naye abaki hapa?"

"Na 'sitamuulizia'? Nani alikufundisha hilo? Pasta?"

Alifikiri. Kweli alifikiri, kama mtu anayekumbuka bei ya zamani. "Hapana. Hilo hakimu aliuliza ghafla. Pasta hakuwa amenitayarisha. Nikasema kilichokuja."

Kilichokuja! Mtoto wangu amelala juu ya neno hilo miaka kumi na moja, na ni neno lililookotwa tu pale, kwa sababu hakimu aliuliza haraka. Nilidhani nitampiga.

"Uje uniandikie hayo," nikamwambia. "Mtoto asome."

"Niandike nifungwe? Mi niko na batoto, dada. Tena angalia, wewe uko hai, mtoto amesoma. Nani alipoteza?"

"Maliza hiyo sare," nikasema, nikatoka.

Kwa pasta nilipita pia, siku hiyo hiyo. Kanisa lake sasa liko Area 47, viti vyeupe vya plastiki, spika kubwa mbili. Mkewe akaja mpaka getini akasema mtumishi amefunga, anaomba, haonani na watu. Nilimwona mtumishi kupitia pazia. Alikuwa anakula.

Nyumbani niliitandaza karatasi juu ya kitanda, ukurasa kwa ukurasa, mchana kweupe, nikapiga picha kwa simu. Picha za kwanza zote ukungu, nikarudia. Nilijua ninachofanya. Mtoto aliniambia kama ni kweli nisimpigie, na hii karatasi inasema ni kweli, kwa muhuri. Nilikuwa namtumia ushahidi dhidi yangu. Lakini aliomba karatasi, na mi sina kitu kingine alichowahi kuniomba tangu akiwa mtoto.

Nikaweka na sauti. Sikueleza mengi, nikieleza nitalia, na akisikia kilio atasema naigiza. Nikasema: "Mwanangu, karatasi njo hii. Sikuwepo pale, nilikuwa hospitali, cheti sina. Soma yote. Ukurasa wa kwanza, juu, soma mstari wa lugha. Halafu kumbuka mwenyewe."

Siku ya kwanza, kimya. Niliona alama kwamba amefungua. Siku ya pili, kimya. Nilichoma mandasi nyeusi, wateja wakarudisha, mmoja akauliza kama nauza makaa. Siku ya tatu, Jumapili, watu wanarudi kanisani, simu ikalia, na safari hii si ujumbe. Alinipigia.

Akasema, "Mama. Pale kwa mama muuza nyanya. Sokoni."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unanifinya hapa, kwa bega. Ukinifinya mara moja, niulize bei. Mara mbili, niseme ni ghali. Mi njo nilikuwa naongea. Wewe ulikuwa hujui hata kuuliza chumvi."

Mi kumfinya nilikuwa nimesahau. Nimesahau kabisa. Nilikuwa nakumbuka tu kwamba yeye alishika Chichewa haraka, kwa kucheza na watoto wa kijijini, akawa kinywa changu dukani, kwenye mashine ya unga, kila mahali. Lakini lile bega dogo chini ya vidole vyangu lilirudi pale pale, na nikakosa pa kushika.

"Njo hivyo," nikasema. "Nilikuwa nakufinya."

"Hata siku ya kwenda hospitali," akasema, "mi njo nilimwambia dereva pa kushuka." Nikamsikia analia, kilio cha mtu mkubwa. Mi sikulia. Mi nilikuwa bado nimeshangaa, na hata leo naandika hii nikiwa bado nimeshangaa, kwamba ilitosha hivyo: bega.

Alipotulia akauliza, "Sasa nani alisimama pale akasema yale?"

Wapo wanaosema ningenyamaza, yamepita, mtoto asibebe. Mi nimebeba vya kutosha. Nilimtajia polepole, ili ashike vizuri: mwanamke wa ukuta, aliyemlisha uji miezi miwili na nusu. Pasta. Na jina la baba yake nikaliweka mwisho.