Mtamba wa Mchezo wa Amani

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimesukuma mkokoteni wa viazi, nimelala juu ya magunia ya watu, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitale na malori mawili yenye jina langu mlangoni, yote hayo bila kumaliza darasa la sita. Kwa hivyo vijana wakiingia dukani na fulana zao nyeupe, wakinukia rangi ya mabango, ati wanaandaa tamasha la sanaa, amani na haki za binadamu, hotuba yao naijua kabla hawajafungua mdomo. Hiyo harufu ya rangi niliinusa mara ya kwanza nikiwa mtoto, kwenye uwanja wa soko la Bumula, mwaka tuliokuwa wakimbizi.

Tulikuwa tumefukuzwa shambani kwetu upande wa Kitale na vijana wa mlimani. Nyumba walichoma, ng'ombe wakaswaga wote. Papa, mtu aliyezoea kuamka na kukamua ng'ombe wake mwenyewe, sasa alikuwa Myanga akila ugali wa shemeji zake, na mwanamume wa kwetu anajua aibu hiyo inavyokwama kooni. Mimi nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Kila jioni Papa aliniambia, "Tukipata hata mtamba mmoja, wewe unarudi darasani." Ndipo lori likaja na vipaza sauti, likatangaza siku ya amani. Tukaenda. Kulikuwa na kwaya, mashairi ya kutuhurumia, soda kwa wageni waliokaa hemani na jua kwa sisi tuliohurumiwa. Mwishowe wakaleta mchezo. Kijana aliyejifunga shuka akatubu kwa machozi mengi, akavuta mtamba mwekundu, wa kweli kabisa, waliyemwazima kwa mfanyabiashara wa hapo sokoni. Wakataka mkimbizi mmoja atoke kwenye umati ampokee. Wakamwita Papa. Kijana akamwekea kamba mkononi, na watu wakapiga makofi.

Sasa wewe elewa. Kwetu, na hata kwa hao wa mlimani, ng'ombe hana risiti. Ukimwekea mtu kamba mkononi mbele ya watu, umempa, na macho ya waliokuwepo ndiyo ushahidi. Hao wasomi wa maigizo hawakujua hilo, au hawakujali. Papa akajitemea mate kifuani kushukuru, akageuka, akashika njia ya Myanga. Mimi nilikuwa nyuma nikimchapa mtamba kwa kijiti, na kichwani nilikuwa nimeshaketi kwenye dawati langu. Hatukufika mbali. Yule kijana alikuja mbio, shuka likimfunguka.

"Mzee! Mzee, ngoja! Hii ilikuwa mchezo tu!"

"Mchezo gani? Si umenipa kamba mbele ya watu?"

"Tulikuwa tunaonyesha, mzee. Tunafundisha watu."

"Basi mimi nimefundishika," Papa akasema, na hakumtazama.

Umati mzima ukacheka. Hata wa hemani walicheka, na soda zao. Papa akarudisha kamba kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. Tangu siku hiyo watoto wa Myanga hawakuniacha nipumzike: "Wewe, baba yako ameshakamua ile drama?" Darasani sikurudi tena.

Na leo wamebadilika nini? Vipaza sauti vimenenepa, shuka limekuwa fulana, basi. Juzi akaja kiongozi wao wa mtaa wa Kipsongo, msichana anaitwa Nekesa, mdomo mtamu. "Mzee, sisi hatutaki pesa bana. Tuazime tu ng'ombe mmoja, ya mchezo." Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Nikampa mtamba, nikaenda mwenyewe kuketi mbele nijionee upuuzi. Nyimbo zilikuwa zilezile na machozi yaleyale. Wakamwita mama mmoja kutoka kwenye umati, Mama Chebet, anayefulia watu nguo mtaani. Yeye naye aliteremka kutoka mlimani kwao kulipochomwa. Wakamwekea kamba mkononi. Akajitemea mate kifuani, akageuka, akaondoka na mtamba.

Nekesa akamkimbilia. "Mama, ngoja! Ni mchezo tu!" Watu walishaanza kucheka. Nikajikuta nimesimama.

"Wewe msichana, rudi uketi. Umempa kamba mbele ya watu."

"Lakini mzee, si ng'ombe ni wako?"

"Alikuwa."

Mama Chebet hakugeuka hata kidogo. Alikuwa anamzungusha mtamba kwenye dimbwi asichafuke miguu. Amani yao bado sijaiona, na kwaya zao bado zinaniumiza masikio. Lakini wakija tena kuniuliza kama nimewahi kuchangia sanaa yao, jibu ninalo, kwa sababu huyo mtamba nilimnunua mwenyewe mnadani: shilingi elfu sabini na nne, mia tano.